Yule Mumiani Kibogoyo

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni hapo mkekani, ila wewe mwenye shati jeupe usiegemee ukuta, chokaa inatoka. Nimeambiwa mnataka kutengeneza filamu ya kutisha na kuchekesha kwa simu zenu, na mmesikia kwamba mimi Bi Zuhura, kabla macho hayajaingia mtoto wa jicho, kazi yangu ilikuwa kuwapaka waigizaji. Ni kweli. Nimepaka wafu, wachawi, majini, na mabibi harusi walioachwa siku ya harusi. Nitawafundisha kutengeneza damu, maana damu ni rahisi. Halafu nitawaeleza habari za Athumani, na mkishazisikia mtaamua wenyewe kama bado mnaitaka hiyo filamu.

Damu ni shira. Ile ile ya kaimati: sukari na maji, chemsha mpaka ianze kuvutika. Ikipoa tia rangi nyekundu ya chakula, halafu kakao kidogo sana, ncha tu ya kijiko, isije ikang'aa kama soda. Ile ya kumwagia nguo itie na sabuni ya maji, itafulika. Ya kinywani msiitie sabuni hata tone, na rangi yake ipunguzeni, la sivyo mtu atarudi nyumbani na ulimi mwekundu na mkewe aanze kuuliza maswali.

Somo la shira mimi lilinifika vibaya. Kazi yangu ya kwanza ya filamu, huko Dar es Salaam, nilimlaza marehemu kwenye nyasi nikammwagia damu kifua kizima. Akatulia vizuri kabisa. Mjane akaanza kulia. Katikati ya kilio marehemu akaruka, akavua shati, akapiga kelele, "Naliwa! Jamani, naliwa!" Sisimizi walikuwa wamempanda mpaka makwapani. Mwongozaji alinifukuza palepale. Nilirudi kwa Mama Rukia nikilia, yeye akacheka mpaka akakaa chini. "Siku nyingine," akaniambia, "marehemu wako afie kitandani."

Mama Rukia ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mpambaji wa maharusi, mikono yake inanukia asumini mchana kutwa. Hakufungua kopo la poda kabla hajamfanya bibi harusi acheke. Nilidhani ni ukarimu tu, kumbe ni ufundi. Uso uliokaza ukiupaka wanja, mwenyewe akicheka wanja unapinda. Kwa hiyo mchekesheni kwanza, mtazame mistari ya uso inakwenda wapi, ndipo mpake. Hilo nimelitumia hata kwa majini.

Sasa, Faraji. Nilikuwa nimekwisha staafu, nimerudi hapa kwetu Kiegeani, kisiwani Mafia, naishi kwa kulima mihogo na kupamba maharusi wa jirani pale macho yanaporuhusu. Faraji alikuwa kijana wa Dar niliyefanya naye kazi akiwa bado anabeba taa za wenzake. Akanijia na kamera, marafiki wachache wenye njaa, na hadithi yake.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimekuja kutengeneza filamu ya mumiani."

Nikamtazama. Ninyi vijana mnalisikia neno hilo mkacheka, lakini sisi tulilelewa nalo. Tuliambiwa mumiani anakamata watu, anawanyonya damu, anakwenda kuiuza. Mama zetu walikuwa wakilitaja na sisi tukawahi ndani kabla jua halijazama.

"Huyu wa kwangu ni mzee," Faraji akaeleza. "Meno yamekwisha. Ana njaa, anatafuta damu, lakini akimng'ata mtu kwa fizi, mtu anatekenyeka, anacheka. Basi anazunguka kisiwa kizima kutafuta meno."

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka sana, nikaenda kutafuta sanduku langu la rangi.

Nyumba tuliipata, ile ya zamani katika shamba la minazi, iliyoezuka paa upande mmoja. Mumiani ndiye aliyetusumbua. Wale marafiki wa Faraji walikuwa na meno yote na mashavu ya chapati. Siku moja nikaenda na Faraji upande wa kaskazini, njia ya Ras Mkumbi, kununua samaki kwenye dago, ile kambi ya wavuvi wageni wanaokuja kwa msimu. Pale tukamwona mtu mrefu, mashavu yameingia ndani, macho makubwa. Meno ya mbele ya juu hana hata moja; boriti ya chombo ilimpiga akiwa kijana. Alikuwa akianua samaki huku akimtania mwenzake, na kicheko chake kilianzia mabegani, kikapanda taratibu mpaka kikafika mdomoni.

Faraji akanishika mkono. Sote wawili tulikuwa tumeona.

Aliitwa Athumani, mtu wa upande wa Kilwa. Tulipomweleza alidhani tunamchezea.

"Mimi? Hata picha ya kitambulisho niliambiwa nirudie, nilikuwa nimefumba macho."

"Hutafanya kitu kigumu," Faraji akamwambia. "Utakuwa na njaa tu."

"Hilo nalijua," Athumani akasema, na mabega yakaanza kutikisika.

Siku zile za kupiga picha sitazisahau. Tulimtengenezea meno ya kifuu cha nazi, yakawa makubwa, akatembea mdomo wazi kama samaki chewa. Tukamtengenezea ya punje za mahindi, kuku wakamfuata. Hilo hatukulipanga, Faraji alilichukua hivyo hivyo. Katika tukio jingine alibeba mbuzi ya kukunia nazi, maana nayo ina meno, akamwomba mtu anayetaka kumnyonya akae juu yake kwa hisani. Na kila alipoinama kung'ata shingo alianza na dua.

"Kata!" Faraji akapiga kelele. "Mzee Athumani, mumiani hasemi Bismillahi!"

"Mwanangu, mimi siwezi kutia kitu kinywani bila Bismillahi."

"Basi iseme moyoni."

Akawa anaisema moyoni, lakini midomo ilimcheza, na mkitazama kwa makini mtaiona.

Faraji alitaka tukio moja tu litishe kweli, la mwanzo kabisa, ili watu wakianza kucheka wacheke kwa kupumua. Mtoto amelala. Mumiani anatokea gizani, anamwinamia, kisha anainua uso akitazama kamera na damu inamchuruzika kinywani. Hapo hapo mtoto anaamka, anacheka kwa kutekenywa, anamsukuma, na mumiani anajishika fizi kwa aibu. Mtoto tulimpata kwa Bi Tatu, jirani yangu, binti yake Mwanahawa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi mchana wa saa nane, tukaacha mwanga uingie kwa mlango peke yake. Jifunzeni hilo, giza la mchana linapigika vizuri kuliko la usiku.

Athumani nilimpaka masizi chini ya macho, na majivu mepesi yaliyochanganywa na poda mashavuni. Nilimchekesha kwanza, nikaona mistari yake, nikaifuata. Ilikuwa kazi yangu bora. Sijawahi kumpaka mtu mwingine akawa vile. Alipojitazama kwenye kioo alisema, "Bi Zuhura, huyu hata mimi simpendi." Tukacheka. Mwanahawa alicheka kabla ya wakati mara nyingi sana mpaka ikabidi tumwambie amfikirie mwalimu wake wa chuo cha Kurani.

Filamu ilipokamilika tuliionyesha hapa Kiegeani baada ya sala ya Isha, kwenye shuka jeupe. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya mbali. Lile tukio la mwanzo lilipopita kina mama walijifunika kanga, kisha Mwanahawa akacheka kwenye shuka na uwanja mzima ukalipuka. Athumani alikaa katikati amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Baada ya hapo watoto walikuwa wakimfuata, "Babu Mumiani, tuonyeshe fizi!" naye anawaonyesha. Alinunua hata kofia mpya.

Basi. Mpaka hapo ilikuwa ni kazi tu kama kazi nyingine, na natamani hadithi ingeishia hapo.

Filamu haikupata mnunuzi. Kanda na diski zilikuwa zimekwisha kufa, na wenye vituo walimwambia Faraji haina nyota anayejulikana. Akarudi Dar. Ili aitangaze akakata lile tukio la mwanzo, pale Athumani anapoinua uso, akaliweka mtandaoni na jina la filamu chini. Aliacha kicheko cha Mwanahawa nje kwa makusudi, watu wapate hamu ya kuitafuta. Ndivyo matangazo yanavyofanywa. Hata mimi angeniuliza ningemwambia fanya.

Mtu tusiyemjua akaichukua. Akaondoa jina. Mwingine akaweka sauti yake juu: jamani tuwe macho, mumiani yuko Mafia, amenaswa na kamera akinyonya mtoto, mtumie mwenzako. Ile picha ikazunguka, ikarudi kisiwani kwa njia ya simu kama kitu kigeni kilichotoka mbali.

Athumani mwenyewe ndiye aliyenijulisha. Alikuja hapa, akakaa pale ulipokaa wewe.

"Bi Zuhura, wale kina mama wachuuzi wa kule dago hawanunui tena kwenye chombo chetu nikiwepo. Wenzangu wananiomba nikae nyuma, nisishuke."

"Watu wa hapa wanakujua. Wamekuona kwenye shuka."

"Wa hapa ndiyo. Wa kule hawakufika wote." Akaivua ile kofia mpya akaizungusha mikononi. "Jana mtoto alinikimbia mpaka akaanguka akapasuka goti. Nilitaka kumwinua, nikaogopa."

Nilimpigia Faraji simu. Alipokea kwa furaha. "Bi Zuhura, umeiona? Inakimbia! Hiyo ni kiki ya bure, sasa watu wataiulizia filamu yenyewe." Nikamweleza. Jioni ile aliifuta kwake, na hilo nalisema kwa haki yake. Lakini kwake ilikuwa moja tu, na kwa watu wengine zilikuwa hazihesabiki.

Kile kijiji cha jirani na dago sitakitaja. Watu wake tunazikana na kuozana mpaka leo. Asubuhi moja mtoto wa kike alitumwa dukani asirudi. Mama yake akatafuta, majirani wakatafuta, na kabla ya adhuhuri mtu akatoa simu mfukoni akaonyesha ile picha. Wakaondoka kundi zima kuelekea dago.

Bi Tatu ana dada yake huko. Ndiye aliyepiga simu. Nilichukua sanduku langu la rangi, nikapanda bodaboda, nikamwambia kijana aendeshe awezavyo. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitawaonyesha kopo la rangi, nitawaonyesha kakao, nitamwonyesha kila mtu jinsi damu ilivyotengenezwa, na nitawawekea filamu yenyewe, niliyokuwa nayo kwenye simu, waione mpaka mwisho.

Nilipofika Athumani alikuwa chini, kando ya nyavu. Amejifunika kichwa kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umelala vibaya, umegeuka mahali pasipo na kiungo. Wenzake wa dago walikuwa wakisukumana na watu, wakizidiwa. Nikajipenyeza nikipiga kelele, "Ni mimi niliyempaka! Ile damu ni sukari! Ni mimi!" Nikafungua sanduku, likapigwa teke, poda ikamwagika mchangani.

Nikainua simu juu. "Tazameni mpaka mwisho! Mtoto anacheka, tazameni!"

Kijana mmoja akaipokea. Nikadhani nimepata mtu. Akatazama lile tukio la mwanzo, akaona Athumani anainua uso, na kabla Mwanahawa hajaamka akageuka kwa wenzake. "Njooni muone! Hata huyu bibi anayo!"

Palikuwa na mtu mmoja ninayemfahamu, mtu mzima, alikuja kwenye onyesho letu Kiegeani na mkewe. Nilimwona kwa macho yangu akicheka mpaka akifuta machozi. Nikamshika kanzu.

"Wewe ulikuwepo! Uliiona! Waambie ni filamu!"

"Ile ilikuwa filamu, bibi," akanijibu, wala hakunijibu kwa ubaya. "Hii iko kwenye simu."

Akaubandua mkono wangu kwenye kanzu yake, akarudi kundini.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemwokoa. Alifika na wazee wa msikitini, wakasimama wamemzunguka, na wavuvi wenzake wakapata nafasi ya kumburura mpaka kwenye chombo. Walikataa kumpeleka popote hapa kisiwani. Wakawasha mashine ya chombo wakaondoka naye kwao, na sisi tukabaki ufukoni tukitazamana.

Yule mtoto alionekana baadaye kidogo. Alikuwa kwa shangazi yake, alipitia kucheza akapitiwa na usingizi chumbani. Watu wakamshukuru Mungu, wakaenda kula. Sikusikia mtu akimtaja Athumani. Nilipiga magoti mchangani nikawa nachota poda iliyokwisha changanyika na magamba ya samaki, sijui kwa nini, kwa sababu haikuwa ya kutumika tena.

Faraji alikuja kisiwani akalia hapa barazani mpaka nikamwonea huruma. Alikwenda na mwenyekiti kuzungumza na watu, wakamsikiliza kwa adabu, wakampa na madafu. Mmoja akamuuliza kama ana uhakika kwamba Athumani hakuwa akifanya yale mambo kweli pembeni, akaingizwa kwenye filamu bila Faraji kujua. Siku hizi Faraji anapiga picha za harusi. Hataki tena hadithi.

Mimi nilikaa msimu mzima nikiambiwa nisiende kumtazama Athumani. Wavuvi wa dago waliporudi Athumani hakuwamo. Nikawauliza njia, nikavuka bahari hadi Nyamisati, upande wa bara, nikapanda mabasi kwenda kusini, nikalala njiani, nikafika kwake asubuhi. Mkewe alinipokea vizuri. Alijua mimi ni nani kabla sijasema, akanitandikia mkeka bila kunitazama usoni.

Athumani alikuwa chumba cha ndani, dirisha limefungwa, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Ule wa kulia ulipona kwa kupinda na vidole havikunjiki, kamba hawezi kuivuta tena. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya yote.

"Dada Zuhura! Umekuja mbali yote hii!"

"Nimekuja kukuomba radhi, Athumani."

"Ya nini? Kile kiti cha kupakwa rangi nilikikalia mwenyewe. Nilikuwa nacheka." Akapukuchua kidogo. "Hakuna aliyenifurahisha kama ninyi, siku zile."

"Ile picha hata huku imefika?"

"Imefika kabla yangu. Nilishushwa kwenye chombo nimefungwa vitambaa, nikamkuta mtu ufukoni ananitazama, anatazama simu, ananitazama." Alisema haya kama mtu anayeeleza hali ya bahari. "Ndugu na majirani wananijua, hawana neno. Lakini wapita njia hawanijui, na watoto wa shule wanakuja kuchungulia hapo dirishani. Ndiyo maana tunalifunga."

"Hutoki kabisa?"

"Natoka alfajiri kuswali, narudi kabla hakujapambazuka." Akachukua hindi jingine. "Mjukuu wangu ananipenda sana. Usiku analala hapa ubavuni kwangu. Lakini ameniomba nisimpeleke chuoni. Hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza."

Nilimweleza kwamba nataka kuzungumza na mwalimu wa chuo, na mwenyekiti, na imamu, niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole kwamba wote hao wameshaelezwa na wote wameelewa, wao hawana tatizo naye.

Mnaniuliza nini cha kufanya mkitengeneza yenu. Sijui. Tulifanya kila kitu sawa. Tuliwaonyesha watu mpaka mwisho, na wakacheka. Mama Rukia angekuwa hai ningemuuliza yeye.

Nilikaa mpaka baada ya adhuhuri. Mkewe alipika wali wa nazi na pweza, tukala, na Athumani akahadithia habari ya wale kuku na meno ya mahindi. Mabega yakaanza kumtikisika kama zamani, mkewe naye akacheka, na kwa muda mfupi chumba kile kikawa kama vyumba vingine. Kisha pakapita sauti za watoto nje, wanatoka shule, naye akaacha kucheka katikati, akatulia mpaka zikapita.

Nilipoaga akainuka. Mnajua adabu yetu, mgeni aliyetoka mbali humwachi aondoke peke yake. Unatoka naye, mnaongea mpaka njia panda, wakati mwingine mpaka stendi, na unasimama naye mpaka gari lije. Athumani alivaa kandambili, akachukua mfuko wangu kwa ule mkono mzima, tukatembea pamoja kupita ukumbini. Mkewe akafungua mlango.

Kulikuwa na jua kali. Ng'ambo ya njia watoto wachache walikuwa wakichota maji bombani.

Athumani alisimama kizingitini akiwatazama. Akanipa mfuko.

"Ningekusindikiza, dada," akasema.

"Usijali. Njia naijua."

"Ningekusindikiza mpaka stendi."

Nikamwambia najua, nikatoka, na mkewe akaufunga mlango nyuma yangu taratibu, wale watoto wasije wakageuka kutazama.